Isale Stesheni

Kuna harufu mbili ambazo zikikutana mimi hupotea: dizeli na ndizi mbivu. Juzi nilikuwa Tarakea siku ya gulio, nimefuata maharage, nikapita nyuma ya Fuso iliyokuwa ikivuja mafuta huku vijana wakiipakia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nikasimama na kikapu changu, macho nimeyafumba katikati ya watu, mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Dada, unanunua au unanusa?" Nilicheka, nikanunua. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nanusa. Nilikuwa nimerudi stesheni ya Moshi, nina meno mawili pungufu mbele, na mkono wa Mama umenishika kwa nguvu nisipotee.

Wa rika langu mnaikumbuka stesheni ile ilivyokuwa. Sisemi ile ya baadaye, nyasi zimeota katikati ya reli na mbuzi wamelala kwenye kivuli cha jengo. Nasema ile ya siku za treni ya abiria, ilipoingia asubuhi kutoka Dar es Salaam, ikashinda pale ikinguruma, ikaondoka alasiri. Siku ya treni mji mzima ulikuwa kama umeinamia upande wa kusini. Wanawake wa Chekereni walikuja na mchele wao, wa mlimani tukaja na mikungu ya ndizi, wachukuzi wakagombania mizigo ya watu ambao hata hawajashuka. Bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya kuadimika miaka na miaka, na sabuni yenye harufu ilikuwa habari ya kuzungumzwa. Mtu akishuka na redio mpya begani alitembea polepole, ili sote tupate nafasi ya kuiona.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni ile. Kwa wale mliokulia kwenye mabasi, gadi ndiye mkubwa wa treni yote. Dereva huendesha tu. Hivyo ndivyo alivyonieleza Baba mwenyewe, na sikuwahi kwenda kumuuliza dereva. Alikaa kwenye behewa la mwisho, na kofia yake, filimbi yake na hazina ya maneno ya kuwatuliza abiria. Alifika Moshi kila wiki. Ukisimama jukwaani pale unaona mlima wa Kibo mzima mzima, na chini yake, kwenye ule ukijani mweusi wa migomba ya Uru, mtu mwenye macho mazuri angeweza karibu kuonyesha bati letu. Baba alikuwa na macho mazuri. Lakini tangu nilipokuwa mtoto wa mgongoni alikuwa hajapanda nyumbani hata mara moja.

Yeye na Babu walikuwa hawasemezani.

Kwetu Uchaggani, kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, huachiwa kitinda mimba. Wakubwa watatafutiwa kwingine au watajitafutia; wa mwisho anabaki na wazee, anawazika, na moto wa nyumba ile unabaki mikononi mwake. Baba ndiye aliyekuwa wa mwisho. Angekwenda kazi nyingine yoyote, naamini Babu angenung'unika wiki mbili kisha akazoea. Angekuwa mwalimu, angekuwa mpishi wa mapadri, sawa. Yeye akaenda reli.

Na Babu alikuwa na kesi na reli tangu kabla hajajua kutembea. Wajerumani walipokuwa wakiisukuma ile njia kutoka Tanga kuja huku, Mangi, mtawala wetu wa kijadi, aliamriwa atoe wanaume, na baba yake Babu akawa mmojawapo wa waliotolewa. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na maji ya mfereji, wakapelekwa tambarare kwenye jua na mbu kubeba vyuma. Mzee yule alirudi amebebwa na wenzake, akiwa na homa iliyomtikisa mpaka ikammaliza, na Babu alikuwa bado ananyonya. Alikua akiambiwa tu sura ya baba yake. Kwa hiyo kitinda mimba wake alipokuja nyumbani amevaa kofia ya reli, Babu alisema mbele ya ukoo mzima, "Reli ilimla baba yangu. Leo imemla mwanangu." Ilikuwa Krismasi, ng'ombe amekwisha kuchinjwa, na kila mtu anasubiri fungu lake la nyama kwa nafasi yake katika ukoo. Baba akajibu kwamba yeye hajaliwa na mtu, na kama kihamba ni kamba ya kumfungia shingoni, Babu akae nacho. Babu akamwambia asikanyage tena. Baba akaliacha fungu lake pale pale kwenye jani la mgomba, akashuka mlima.

Mimi haya niliyajua kwa vipande, kama watoto wanavyojua mambo, nikiwa nimejifanya nimelala. Nililolijua kwa macho yangu ni kwamba kila Krismasi Babu alikata fungu la Baba, akaliweka juu ya jani, na halikuguswa mpaka jua linazama. Ndipo alipomwambia Mama alichukue akapike. Hakusema fungu lile ni la nani, na Mama hakuuliza.

Mama alibaki kwa Babu. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na mzee yule hakujua hata chumvi inakaa wapi. Ila kila siku ya treni Mama aliamka mapema, akapika kiburu cha ndizi na maharage, akajaza kibuyu maziwa ya mgando, akanichukua tukashuka. Babu hakuuliza tunakwenda wapi. Lakini asubuhi hiyo hiyo, bila kukosa, tulikuta mlangoni mkungu bora kuliko yote shambani, umekatwa na umande ungali juu yake, na Babu hayupo, ati ameenda kuangalia mfereji. Mama aliubeba kichwani. Tulitembea pekupeku mpaka Mto Rau, tukanawa miguu, tukavaa viatu, tukaingia mjini kama watu waliokuja na gari.

Baba alikula ameketi kwenye ngazi ya behewa lake, mimi nimebanana kando yake nikinusa dizeli. Aliniuliza habari za ng'ombe, za kahawa, za kila mtu. Habari za Babu hakuuliza. Aliuliza, "Kile kikohozi cha huko nyumbani kimepona?" Mama akajibu, "Kimepona, kinakutazama tu." Nilidhani kikohozi ni aina ya paka.

Sasa lazima niwaambie juu ya isale, maana bila hilo hamtanielewa.

Wasiotoka kwetu huliona ni jani refu tu, la kijani, linaloota kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Kwetu ni neno. Mwaka ule jirani yetu mmoja alikuwa ameelekeza maji ya mfereji kwake siku ambayo haikuwa zamu yake, na miche ya kahawa ya Babu ikanyauka. Babu alimkasirikia mpaka akabadilisha njia ya kwenda kanisani. Kisha siku moja nikamwona jirani amesimama kwenye lango letu, hasemi kitu, ameinua isale mkononi. Babu alikuwa ananoa panga. Aliliangalia lile jani, akalitazama panga, akahema kama mtu aliyenyang'anywa chakula. Akaenda, akalipokea. Jioni ile walikuwa wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja.

Nilikuwa nimeudhika kwa niaba ya miche. "Babu, mbona umemsamehe?"

"Ameleta isale."

"Ungekataa."

"Isale halikataliwi, Manka. Likiinuliwa, limeinuliwa. Hata likiletwa na mtoto, hata likiletwa na mwizi. Anayelikataa isale, siku yake ikifika atalishika wapi?"

Nikaliweka hilo moyoni. Watoto tunapenda kanuni zisizo na msamaha, na hii ilikuwa kanuni ya msamaha isiyo na msamaha.

Sasa, katika safari zetu zote za stesheni nilikuwa sijawahi kuiona treni ikiondoka. Tulipaswa kuwa mlimani kabla ya giza, kwa hiyo tuliondoka mapema, na honi yake ilitukuta tukiwa tumekwisha kuvua viatu pale mtoni. Lakini siku moja mvua za vuli zikatushika. Ilinyesha kwa hasira, maji yakamwagika kutoka kwenye paa la stesheni kama pazia, na sisi tukakwama chini yake pamoja na wauza karanga na masista wawili. Baba alikuwa nje kwenye mvua ile ile akikagua mabehewa. Mvua ilipokatika ghafla, kama inavyofanya kwetu, kengele ikapigwa, watu wakakimbia na vikapu, na mimi nikapanda juu ya gunia la mtu ili nione.

Nikamwona Baba mwishoni mwa treni, peke yake, ameloa chapachapa. Alijinyoosha, akageuza uso kuelekea upande wetu, upande wa mlima ambao ndiyo kwanza ulikuwa unajitokeza kwenye mawingu. Akainua mkono. Mkononi alikuwa na kitu kirefu, chembamba, cha kijani, kilichoinama ncha kwa ajili ya maji. Hakukuwa na upepo. Alikishika juu, mbele ya watu wote, bila kusema neno, na treni ikalia ikaanza kwenda.

Wewe unayesoma umekwisha kujua kilikuwa nini. Mimi sikuwa nimewahi kuona bendera ya gadi, wala sikujua kwamba treni hupewa ruhusa ya kuondoka kwa bendera. Nilijua jani moja tu ambalo mtu mzima huliinua hivyo na kunyamaza. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nasema kweli. Baba ametoa isale! Ametoa kwa Babu, kwenye uwanja wa adui, masista wakishuhudia!

Sikumwambia Mama. Nilitaka kuipeleka habari mwenyewe, na njia nzima ya matope niliibeba kifuani, nikatangulia mbele, nikaanguka mara sijui ngapi. Mama alifikiri nimepata homa.

Babu alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga, akipukuchua mahindi. Sikumwamkia hata shikamoo.

"Babu! Baba ametoa isale!"

Mikono yake ikasimama. Nyuma yangu nikasikia Mama anaweka kikapu chini.

"Ametoa nini?"

"Isale. Stesheni. Nimemwona mimi mwenyewe."

"Alilishikaje?"

Nikamwonyesha: mkono juu kabisa, nimejinyoosha.

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Huku kwetu. Mlimani."

"Na watu walikuwepo?"

"Wote, Babu! Na masista!"

Babu alinyanyua macho akamtazama Mama. Mama alikuwa amefumbua mdomo. Niliuona umefunguka, nikangoja aseme kitu, lakini aliufunga, akapiga magoti kwenye mafiga, akaanza kupuliza moto. Moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu. Alipuliza mpaka majivu yakatujaa nywele.

"Basi," Babu akasema. Akarudia kupukuchua mahindi. "Wiki ijayo tutashuka wote."

Wiki ile Mama hakulala vizuri, na miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Yeye alijua bendera ni bendera. Simu hazikuwepo, na hakukuwa na mtu wa kutumwa. Kama Babu angeshuka mlima mzima, mzee wa heshima zake, mpaka mahali alipoapa hatapakanyaga, na Baba akamwambia mbele ya wachukuzi kwamba hajatoa isale lolote, basi ingekuwa imekwisha. Babu asingevumilia aibu ile. Kihamba kingepewa mwingine, na sisi tungekuwa watu wa kukutana na Baba kwenye ngazi ya behewa maisha yetu yote. Haya yote yalikuwa yamening'inia kwenye neno la mtoto asiye na meno ya mbele. Mama akanifulia gauni, akalipiga pasi mara mbili.

Babu naye alikuwa na mambo yake. Alinyolewa. Alitoa koti lake la mtumba, zito, lenye nembo ya shule fulani ya Ulaya kifuani, ambalo alilivaa Pasaka na misibani. Siku ya treni, alfajiri, nilimwona kwenye mpaka wa shamba akichagua kitu kwenye masale, akikata, akitupa, akikata tena. Kisha akafunga vifungo vyote vya koti.

Mama alikuwa na mpango wa kufika mapema ampenyezee Baba neno. Lakini ungemharakishaje Babu? Alisimama kwa kila rafiki aliyekutana naye, na alikuwa na marafiki wengi. Pale Rau alivua viatu vyake, akanawa miguu polepole, akavivaa tena ingawa alikuwa amevivaa tangu nyumbani. Tulipofika stesheni treni ilikuwa imekwisha kugeuzwa kichwa na watu wanapanda.

Ilikuwa inakaribia Krismasi, na stesheni ilikuwa imefurika. Kila Mchagga aliyekuwa Dar alikuwa anarudi au anampokea anayerudi, na walioshuka asubuhi walikuwa bado wamejaa pale na magodoro, mabegi, na jogoo mmoja ambaye sikuelewa kwa nini mtu amlete mlimani. Babu alisimama kwenye ukingo wa jukwaa. Hakutazama watu. Alizitazama reli chini, kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtu aliyesikia habari zake siku nyingi. Stesheni masta, mtu wa Tanga mwenye maneno laini na kofia safi, akamjia.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba usogee kidogo nyuma, hapa hairuhusiwi kusimama."

"Marahaba, mwanangu," Babu akamjibu. "Baba yangu alisimama hapa kabla hamjajenga jukwaa. Mimi nimekuja kumsalimia tu."

Stesheni masta alimtazama, akatazama reli, akavua kofia. Hakumwambia tena asogee. Nadhani watu wa reli wanajua wamejengewa na nani.

Wakati huo Baba akatokea kati ya mabehewa, na kitu chake kimekunjwa chini ya kwapa, anapiga kelele watu waingie ndani. Akamwona Babu.

Nilikuwa sijawahi kuwaona wawili wale mahali pamoja, na nilishangaa kwamba walikuwa na pua moja. Walisimama wakitazamana, na abiria wakapita kati yao na vikapu bila kujua wanapita katikati ya nini.

"Shikamoo, Baba," Baba akasema.

"Marahaba." Babu akakohoa kile kikohozi chake. "Isale lako nimelipata."

"Isale?" Baba akasema. "Isale gani, Baba?"

Nilimtazama Mama. Hakuwa na moto wa kupuliza pale. Alikuwa amemkazia Baba macho, na yale macho ninayajua, kwa sababu ninayo mimi pia na mume wangu huyaogopa.

"Mjukuu wangu alikuona," Babu akaendelea, polepole, sauti juu, ili hata mchukuzi wa mbali asikie. "Ameniambia uliliinua mkono juu kabisa, mbele ya watu, ukitazama nyumbani. Mimi sikuwepo. Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Mtoto huyu amesema kweli, au amesema uongo?"

Baba alinitazama. Kisha nikamwona anatazama chini ya kwapa lake, pale palipokuwa na ile bendera, na uso wake ukapitiwa na jambo. Nilidhani anataka kupiga chafya. Alimtazama tena Babu, mzee mwenye koti la shule ya watu, vumbi la Uru nzima kwenye viatu vyake. Naamini hapo ndipo alipoelewa kwamba baba yake hakuja kuuliza. Alikuja kumfungulia mlango, na alikuwa anaushikilia kwa mikono miwili ili usijifunge.

"Amesema kweli," Baba akasema. "Nililitoa, Baba. Nimekuwa nikilitoa kila wiki."

"Nimelipokea," Babu akasema.

Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, na kutoka kifuani akatoa isale la kweli, limenyooka, halina hata doa. "Na hili ni langu. Nilikuambia usikanyage. Lile neno nalirudisha mdomoni mwangu."

Baba alipiga magoti kwenye saruji, kwenye mafuta na maganda ya ndizi, na suruali yake ya kazi, akalipokea jani lile kwa mikono miwili. Mama akamwita Mungu kwa Kichagga, "Ee Ruwa," kisha akalia kwa sauti bila kujificha. Wanawake wa ndizi, ambao kwa lolote lile huwa tayari, wakapiga vigelegele. Hata wa Chekereni walipiga, na hawakujua ni vya nini. Mtu mmoja dirishani akauliza kama ni harusi.

Stesheni masta akatazama saa yake, akaniangalia mimi kama anayeomba radhi, akapiga kengele. Treni ni treni. Baba akainuka, akajifuta macho kwa kofia, akamrudishia Babu lile jani alishike kidogo, akamkamata mkono.

"Njoo, Baba. Haiondoki bila ruhusa yetu."

Wakaenda pamoja mpaka kando ya behewa la mwisho, na mimi nyuma yao kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Baba akapuliza filimbi. Akainua bendera yake. Na Babu, ambaye baba yake alibebeshwa vyuma vile vile kwa kiboko, akajinyoosha ndani ya koti lake, akainua isale juu kuliko bendera. Honi ikalia mbele kule. Vyuma vikavutana, behewa baada ya behewa, na ile treni yote, na watu wake na magodoro yao, ikaanza kwenda. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukiwa vile tena. Babu aliangalia treni ikimtii, akacheka kwa sauti, na mimi nilikuwa sijui kwamba Babu ana kicheko.

Ila siku hiyo hapakuwa na mvua. Palikuwa na upepo. Ile ya Baba ilikunjuka yote, ikapiga piga, na kando ya jani la Babu nikaona wazi kwamba ina pindo na ina uzi.

"Babu!" nikapiga kelele, nikimvuta koti. "Babu, ile ya Baba ni kitambaa!"

Babu hakushusha mkono. Hakunitazama hata.

"Nyamaza, Manka," akasema. "Treni inaondoka."

Baba akadandia behewa lake, akaenda na kazi yake. Krismasi alikuja. Alipanda kwa miguu kutoka mjini ingawa palikuwa na pikapu ya kupanda, na Babu alikuwa amekwisha kumkatia fungu lake, limewekwa kwenye jani. Likapikwa, akalila, akalamba na vidole. Hakuacha reli, na Babu hakumwambia aache. Ila kila alipopewa mapumziko ya usiku mmoja Moshi, gadi alilala Uru, akaamka kupogolea kahawa kabla ya kushuka kazini. Mimi nilipokua nilimwuliza Mama mbona jioni ile hakusema ukweli. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kipuuzi. "Ningesemaje?" akasema. "Nilikuwa napuliza moto."

Miaka ikapita. Yakaja mabasi yenye viti vya kulala na video, abiria wa treni wakapungua, kisha treni ya abiria yenyewe ikakoma na watu wa reli wakapunguzwa kazini. Baba akarudi kihambani moja kwa moja, na sanduku lake la bati. Wengine walirudi wamevunjika. Yeye alirudi kwake. Babu akawahi kuishi naye misimu kadhaa ya kahawa, wakigombana juu ya miche asubuhi na kunywa mbege jioni, mpaka akaondoka usingizini, amezeeka kabisa, moto wa nyumba ukiwa mikononi mwa yule aliyetakiwa kuwa nao.

Tulimzika pale pale, kando ya baba yake. Padri alimaliza sala, masale yakapandwa kichwani pa kaburi, na ukoo mzima ukawa unangoja mtu aseme neno la mwisho. Baba alivaa ile kofia yake ya kazi. Akasimama penye miguu ya Babu, akajinyoosha, akainua mkono juu kabisa, na mkononi alikuwa na ile bendera ya kijani iliyopauka, upepo wa mlima ukiipiga piga.

Watu walitazamana. Mdogo wangu mmoja, mtoto wa shangazi, akanivuta sketi akaninong'oneza, kwa ile sauti ya watoto inayosikika mpaka barabarani, "Dada Manka, kile ni kitambaa. Mjomba anafanya nini na kitambaa?"

Nikamshika mkono kwa nguvu, asipotee.

"Nyamaza," nikamwambia. "Treni inaondoka."